Orodha, jicho la pili, 5S, kikao au kompyuta: hospitali yako ianze na lipi kuzuia makosa ya tiba?

Hospitali ya wilaya ikiamua kushughulikia usalama wa wagonjwa, haikosi ushauri. Aliyetoka semina anataka orodha ya ukaguzi ya upasuaji. Matroni anataka kila sindano ya hatari ihakikiwe na wauguzi wawili. Mfamasia analia na kabati la dawa, anataka lipangwe upya kwa 5S, njia ya kupanga mahali pa kazi. Mganga mfawidhi anasubiri mfumo wa kompyuta. Na yupo mtu mmoja, mara nyingi mkunga mzoefu, anayesema watu wanayaona makosa kila siku ila wanaogopa kuyasema. Wote wana hoja. Lakini watumishi ni wale wale na fedha ni zile zile, na kituo kinachoanzisha mambo matano kwa mwezi mmoja humaliza mwaka bila hata moja lililoshika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mgonjwa mmoja kati ya kila kumi hudhurika akiwa katika matibabu, na kwamba zaidi ya watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa huduma isiyo salama. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Afrika Mashariki tunayo yetu ya kukumbuka. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu, na madaktari wakagundua wakiwa ndani kwamba donge la damu walilolifuata halipo. Hizo ni hospitali kubwa zenye wataalamu waliobobea, na wagonjwa wakapotezana humo humo na majina yao.

Naandika kwa ajili ya timu ya ubora iliyokwama, inayojua kuna tatizo ila haijui iweke nguvu wapi kwanza.

Vigezo

Nimezipima njia zote tano kwa maswali yale yale. Inazuia kosa la aina gani? Inadai nini katika fedha, muda na watu? Ushahidi wake ukoje? Saa nane usiku inasimama? Ikianza kufa, inakufaje? Kisha nimesema inamfaa nani.

Swali la usiku ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine. Mchana mfamasia yupo, maabara iko wazi, daktari mwenye kauli anapatikana. Usiku muuguzi mmoja ana wodi nzima, na dawa inachotwa kwa mwanga wa simu umeme ukikatika. Njia inayofanya kazi mchana tu, au siku ya ukaguzi kutoka mkoani tu, haijamlinda mgonjwa.

1. Orodha ya ukaguzi ya upasuaji

*Inazuia nini.* Mgonjwa asiye yeye, upande usio wenyewe, antibayotiki iliyosahaulika, kitambaa cha kufyonzea damu kilichobaki tumboni. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ilizinduliwa mwaka 2008, ina mambo 19 na inasimamisha kazi mara tatu. Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa mwenyewe ataje jina lake na anachofanyiwa, alama iwe imewekwa mahali pa kupasuliwa, kipima oksijeni kiwe kidoleni na kiwe kinasoma, na ijulikane kama ana mzio au anaweza kupoteza damu nyingi. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake, na ithibitishwe kuwa antibayotiki imeingia ndani ya dakika 60 zilizopita. Kabla mgonjwa hajatolewa, vifaa, sindano na vitambaa vihesabiwe, na kipande kinachokwenda maabara kiwe na jina la mwenyewe.

*Inadai nini.* Karatasi moja na dakika chache. Gharama yake ya kweli ni nyingine: daktari bingwa akubali kusimama na kisu mkononi, akisubiri muuguzi aliye sawa na binti yake kwa umri amalize kusoma. Pasipo hilo, karatasi haina kazi.

*Ushahidi.* Hapa Tanzania ina sehemu yake. Orodha hii ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Nyingine zilikuwa Toronto, London, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila na Amman. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kisha mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walizitazama hospitali 101 zilizoanza kuitumia, wasione vifo vikishuka kwa kiasi cha maana.

Wapo wanaoutumia utafiti wa Ontario kusema orodha ni bure. Mimi siusomi hivyo. Ontario vifo vilikuwa tayari chini ya asilimia 1, kwa hiyo nafasi ya kushuka ilikuwa ndogo. Na kuamriwa kujaza orodha ni jambo moja, timu kufundishwa pamoja namna ya kuitumia ni jambo jingine. Katika hospitali yenye hali kama ya Ifakara ya wakati ule, bado ningeitarajia ilete mabadiliko.

*Usiku.* Inasimama kuliko nyingi, kwa sababu hakuna upasuaji wa mtu mmoja. Adui yake ni dharura. Mama anapoletwa mbio kwa upasuaji wa kujifungua, mapigo ya mtoto yakishuka, kila mtu huona kusoma karatasi ni kuchelewesha. Lakini maswali ya lazima husomeka tumbo likiwa linasafishwa, na katika haraka kama hiyo antibayotiki husahaulika kirahisi.

*Inavyokufa.* Hujazwa baada ya upasuaji, au asubuhi, faili tano kwa pamoja. Ukitaka kujua kama orodha yenu iko hai, usihesabu fomu zilizojazwa. Ingia chumba cha upasuaji usimame pembeni usikilize kama kuna sauti inayosoma.

*Inamfaa nani.* Kila penye upasuaji, hasa vituo vya afya vilivyoanza kupasua wajawazito karibuni na ambavyo timu yake bado haijazoeana. Zahanati, au wodi inayopoteza wagonjwa kwa dozi mbaya, haitapata kitu hapa.

2. Jicho la pili: wauguzi wawili kuhakiki dawa

*Inazuia nini.* Dozi iliyokosewa hesabu, dawa ya mgonjwa mwingine, damu isiyolingana. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu dozi yao hupigwa kwa kilo. Nukta ya desimali ikiruka, dozi inazidi mara kumi. Dawa zinazostahili jicho la pili ni chache na zinajulikana: insulini, magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, potasiamu kloridi, heparini, mofini na ndugu zake, dawa za saratani, na damu yenyewe.

*Inadai nini.* Haina gharama ya ununuzi ila inakula watu. Kila uhakiki humtoa muuguzi wa pili kwenye kazi yake, na ndiyo maana kuuagiza kwa dawa zote ni kuuua.

*Ushahidi.* Haujatoa jibu moja. Uhakiki hushika makosa mengi ukifanywa na watu wawili wanaofikiri kila mmoja peke yake, na hushika machache sana ukigeuka kuwa kukubaliana. Ukimwonyesha mwenzako bomba la sindano ukasema, "Sista, hii si mililita nane?" umeshampa jibu. Mpe cheti cha dawa na kichupa, apige hesabu yake bila kuona yako, ndipo mlinganishe. Wodi nyingi zinazosema zinahakiki hazifanyi hivi, zinachukua sahihi ya pili tu.

*Usiku.* Hapa ndipo inapoanguka. Muuguzi akiwa mmoja, jicho la pili liko wodi ya jirani au halipo. Kuna vituo vinavyomtumia daktari wa zamu, mtu wa maabara kwa upande wa damu, au simu kwa mfamasia ambaye husomewa uzito na dozi. Inawezekana, ila iandikwe mapema nani anaitwa, kwa dawa zipi.

*Inavyokufa.* Kila mmoja humwachia mwenzake uangalifu: wa kwanza anajua yupo wa pili, wa pili anajua wa kwanza ni makini.

*Inamfaa nani.* Wodi ya watoto, wodi ya wazazi, chumba cha wagonjwa mahututi, kliniki ya saratani, na popote zamu ina watu wawili au zaidi. Iwe kwa dawa zisizozidi saba, zikiwa zimebandikwa ukutani.

3. 5S: kupanga mahali pa kazi

Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Watumishi wengi Tanzania wamewahi kuyaona maneno haya ukutani. Njia ilitoka viwandani Japani, ikapita hospitali ya wanawake ya Castle Street nchini Sri Lanka, na mwaka 2007 ikaanza katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya kwa msaada wa Wajapani.

*Inazuia nini.* Watu huidhani ni habari ya usafi. Kwa usalama wa mgonjwa kazi yake kubwa ni kuondoa mtego kabla mkono haujafika. Vichupa viwili vya sindano, vya ukubwa mmoja na maandishi ya rangi moja, vikilala kwenye trei moja, siku moja vitachanganywa, na haijalishi muuguzi ana shahada gani. Vitenganishe. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliweka udhibiti wa vimiminika vikali, potasiamu kloridi ikiwamo, katika orodha ya hatua tisa za usalama. Kwa wodi nyingi za kawaida maana yake ni kwamba kichupa hicho kisikae wodini kabisa. Dawa isiyokuwepo haiwezi kuchomwa kwa bahati mbaya.

Jambo moja la huku kwetu lisisahaulike. Bohari ya Dawa ikileta shehena kutoka kiwanda kingine, sura ya kichupa hubadilika: wiki iliyopita kofia ilikuwa nyekundu, leo ni ya bluu kama ya dawa nyingine. Kila shehena mpya ikifika, mfamasia na muuguzi kiongozi wapite kabati pamoja kabla haijasambazwa.

*Inadai nini.* Visanduku, lebo, kalamu nene, siku moja au mbili za kazi ngumu, kisha dakika chache kila zamu.

*Ushahidi.* Ni mzuri kwa muda wa kusubiri, usafi na kutafuta vifaa. Kwa vifo ni hafifu. Mantiki yake ya kutenganisha dawa zinazofanana ina nguvu, lakini asikuuzie mtu 5S kwa ahadi ya kuokoa maisha kwa asilimia fulani.

*Usiku.* Hapa inazishinda zote. Kabati likipangwa mchana, linamlinda hata muuguzi aliye peke yake, aliyechoka, saa kumi alfajiri. Haimwombi akumbuke chochote.

*Inavyokufa.* Hufia kwenye S ya tano. Mabango hubaki, kabati hurudi lilivyokuwa. Au hugeuka kazi ya kupendeza macho ya wageni, ofisi ya utawala iking'aa huku trei ya dharura ikiwa haijafunguliwa miezi.

*Inamfaa nani.* Kituo chenye watumishi wachache, zahanati, stoo ya dawa, na timu ambayo haijawahi kufanikisha lolote pamoja na inahitaji ushindi unaoonekana.

4. Kuripoti matukio na kikao bila lawama

*Inazuia nini.* Kosa lile lile kujirudia. Njia tatu zilizotangulia zinafaa ukijua makosa yenu yako wapi. Hii ndiyo inayokuambia. Matukio yenye thamani zaidi ni ya nusura: damu iliyorudishwa mlangoni kwa sababu mtu alisoma jina mara ya pili, dozi iliyogunduliwa ikiwa tayari ndani ya bomba. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo watu wanaweza kusema ukweli wote.

*Inadai nini.* Daftari au sanduku, saa moja kila wiki mbili, na kiongozi mwenye kifua. Tunao mfano wetu: vikao vya mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga, vinavyotakiwa kuendeshwa bila kutaja majina wala kuaibisha. Vikiendeshwa hivyo, timu hutoka na jambo la kurekebisha. Vikigeuzwa mahakama, mkunga hujifunza kuandika faili la kujikinga.

*Ushahidi.* Ripoti peke yake hazipunguzi makosa. Kinachopunguza ni hatua inayofuata, na wengi huishia njiani. Denmark ilitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 2004, ikiwataka wahudumu waripoti matukio na ikikataza mtu kuadhibiwa kwa sababu ya kuripoti. Hatuna budi kulitazama hilo kwa makini. Baada ya tukio la Kenyatta la 2018, jambo la kwanza la hadharani lilikuwa kusimamishwa kazi kwa waliokuwa zamu. Naielewa hasira ya umma, na familia ina haki ya kupata majibu. Ila muuguzi wa hospitali nyingine aliyesoma habari ile alijifunza nini kuhusu siku atakayogundua mkanda wa jina umefungwa mkono usio wake? Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wodi inayoficha makosa iko hivyo hivyo.

"Bila lawama" haimaanishi "bila uwajibikaji". Aliyekuja kazini amelewa, aliyeghushi faili, aliyedai rushwa akaacha mgonjwa avuje damu: hao wana njia yao ya nidhamu na wasijifiche ndani ya kikao hiki. Mpaka huo uandikwe kabla ya tukio la kwanza. Na mgonjwa aliyeumia aambiwe ukweli na mtu mwenye cheo, mapema, kwa lugha anayoielewa.

*Usiku.* Inategemea imani. Zamu ya usiku ndiyo huona mengi na ndiyo huripoti machache. Daftari likikaa ofisini kwa matroni, chini ya ufunguo, halitaandikwa. Karatasi isiyo na jina, kwenye sanduku karibu na chumba cha chai, huandikwa.

*Inavyokufa.* Kwa adhabu moja. Mtu mmoja akihamishwa kituo baada ya kuripoti, mmerudi mwanzo kwa miaka. Au kwa ukimya: watu wanaripoti, hakuna linalobadilika, wanaacha.

*Inamfaa nani.* Timu yenye kiongozi anayeaminika na anayetarajiwa kukaa. Pale kiongozi hubadilishwa kila baada ya miezi, au penye uhasama kati ya kada, ningesubiri.

5. Mfumo wa kompyuta

*Inazuia nini.* Mwandiko usiosomeka, mzio uliosahaulika, faili lililopotea, dawa mbili zisizopatana.

*Inadai nini.* Fedha nyingi kuliko nyingine zote pamoja: vifaa, mtandao, umeme wa akiba, mafunzo, na fundi anayefika siku ile ile.

*Ushahidi.* Upo na ni mzuri kwa mifumo iliyokamilika. Katika hospitali moja ya Boston, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kusoma kwa mashine msimbopau (ile mistari ya utambulisho) wa mgonjwa na wa dawa kitandani kulipunguza makosa ya utoaji dawa, ukiacha yale ya muda, kwa takriban asilimia 41. Lakini hospitali ile ilikuwa na mkanda wenye msimbo kwa kila mgonjwa na msimbo kwa kila kidonge. Tanzania mfumo wa GoTHoMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea shughuli za hospitali kwa kompyuta, umefika vituo vingi vya umma. Ukitumika kwa usajili na malipo tu, usiutarajie uzuie kosa la dozi.

*Usiku.* Umeme ukikatika, mnarudi kwenye karatasi ambayo watu wameshazoea kutoitumia. Utaratibu wa karatasi wa dharura uwepo na ufanyiwe mazoezi.

*Inavyokufa.* Maonyo yakiwa mengi, watu huyafunga bila kuyasoma. Na huzaa makosa yake: kubofya jina la juu au la chini ya lile ulilolikusudia.

*Inamfaa nani.* Hospitali za rufaa na nyingine zenye umeme wa uhakika, ambazo tayari zinaandika vizuri kwenye karatasi.

Uanze na lipi?

Kama hamjui makosa yenu yako wapi, msinunue chochote bado. Wekeni sanduku la matukio ya nusura kwa mwezi mmoja, pitieni na mafaili ya wagonjwa waliofariki au kurudishwa chumba cha upasuaji, kisha rudini kwenye ukurasa huu.

Kama ni kituo cha afya chenye chumba kipya cha upasuaji, orodha ndiyo ya kwanza, na aanze daktari anayeheshimika kuliko wote, siyo mgeni. Mwacheni yeye mwenyewe aseme, "Sista, tusomee."

Kama ni zahanati au wodi yenye muuguzi mmoja usiku, jicho la pili litawavunja moyo. Pangeni kabati, ondoeni vichupa vya hatari, bandikeni jedwali la dozi za watoto kwa kilo. Wodi ya watoto yenye wauguzi watatu mchana na wawili usiku, hiyo ianze na uhakiki wa dawa chache, na kabati lifuate.

Kama mmetoka kupata tukio zito na familia inalia, kikao ndicho cha kwanza, lakini mleteni mtu wa kukiongoza kutoka nje ya kitengo. Waliokuwa zamu siku ile wapewe pia nafasi ya kupumzika na mtu wa kuzungumza naye. Wengi wao hawalali.

Kama fedha za kompyuta zimeshaidhinishwa, zitumieni, ila kwanza tengenezeni cheti cha dawa cha karatasi chenye nafasi ya uzito, mzio na majina yote matatu ya mgonjwa. Mfumo utakaojengwa juu ya cheti kibovu utakuwa na ubovu ule ule.

Na kama mojawapo ilishaanzishwa ikafia mikononi mwenu, msiifufue kwa semina. Waulizeni wa zamu ya usiku ilikuwaje siku walipoiacha. Mara nyingi jibu huwa dogo: fomu ziliisha, muuguzi wa pili alihamishwa, ufunguo wa kabati aliondoka nao aliyekwenda likizo. Rekebisheni hilo, mjaribu tena kwa wodi moja, na mtu wa zamu ya usiku awe ndani ya timu inayopanga.